Dresa Yuko Kedowa

Boito,
Jumapili, tarehe 23 Agosti, 1959

Kwa dada yangu Nyathira, Mama Waceke,

Takwenya, Mama Waceke. Nakusalimu kwanza kwa salamu ya kwetu, ile uliyozoea kuijibu mpaka wanawake wa mtoni wakasahau wewe ni Mkikuyu. Halafu nakusalimu kwa Kiswahili, maana hiyo ndiyo lugha tuliyojuania mimi na wewe. Barua hii ikiwakuta wazima wote, nitamshukuru Mungu. Ikimkuta mmoja wenu amelala kwa baridi ya huko Kedowa, poleni, naomba apate nafuu kabla hujafika mwisho wa karatasi. Sisi huku tunapumua. Mimi nimechoka, lakini kuchoka si ugonjwa.

Najua utageuza bahasha hii mara mbili ukijiuliza ni nani. Miaka mitano imepita bila neno kutoka kwangu. Sikujua mlikopelekwa, na nisikudanganye, sikuuliza sana. Aliyenipa habari zenu ni Onsongo, yule dereva wa lori la kampuni, ambaye siku hizi hubeba mbao za masanduku ya chai kutoka Londiani. Alisema alisimama Kedowa kutia maji kwenye lori, akaona mtu ameinama katika shamba la mzungu akipalilia viazi. Akamtania kwa sauti, ati bwana, hivyo viazi vina homa mbona unavipima hivyo? Mtu akainua kichwa, kumbe ni Baba Waceke, dresa wetu aliyekuwa akitugawia dawa. Onsongo anasema walicheka mpaka nyapara akaja kuwatenganisha. Alicheka tena aliponihadithia. Mimi sikucheka, na sababu utaiona mbele.

Ngoja nikupe kwanza habari za nyumbani. Kiptanui, yule uliyembeba mgongoni nikipangusa sakafu za dispensari, sasa anachunga ndama na ana meno mapya mawili. Anayemfuata ni msichana, Priscillah, mkaidi kama bibi yake. Wa tatu ana miezi minane, mpaka juzi alikuwa akinyonya saa zote kama mtu aliyetumwa kunimaliza. Kipkoech bado anafanya kazi ya kupogoa chai kwa kampuni, lakini mwaka huu amepanda miche yake mwenyewe nyuma ya nyumba, hii chai ya Waafrika ambayo serikali imeruhusu. Majirani wanapita wakimuuliza huo ua wa miti ni wa kuzuia mbuzi gani. Yeye anajibu waendelee kucheka, mwaka wa tatu watakuja kuomba mbegu. Mama mkwe yuko. Macho yamepungua, mdomo haujapungua.

Habari ya dispensari ndiyo nzito. Tangu mlipoondoka, ile nyumba ya mtoni haijapata dresa wake mwenyewe. Tunaazimwa mmoja kutoka upande wa pili, anakuja Jumanne na Ijumaa kwa baiskeli, na mvua ikinyesha haji. Watu husema siku hizi ukitaka kuugua Boito, angalia kalenda. Mlango una kufuli lenye kutu. Wanawake wanafika wamebeba watoto wa kifua, wanasukuma mlango, wanakaa pale kwenye ngazi kidogo kupumzisha miguu, wanarudi.

Mwezi wa tatu tulimzika mke wa jirani yetu wa chini. Hukumjua, aliolewa baada yenu. Uchungu ulimshika Jumamosi. Jumatatu asubuhi wanaume wanne walimfunga kwenye kitanda cha miti wampeleke hospitali ya misheni, na mimi nilifuata nimeshika shuka isipeperuke. Tulipofika katikati ya chai, kabla ya barabara kubwa, alinishika mkono akasema anataka kuteremshwa, ati kitanda kinamchoma. Tukamteremsha. Wachumaji waliacha vikapu vyao wakasimama kwenye mistari. Hakuinuka tena pale, na mtoto alibaki ndani yake. Wanaume walivua kofia, kisha wakageuza kitanda kutazama nyumbani. Mama Waceke, ile njia ni maili kumi na moja. Sisi tulikuwa tumetembea sita.

Ni kifo hicho kilicholeta maneno ya baraza. Mwezi wa tano Mzee Johana, ndiye mtu wetu katika Kaunsili ya Wilaya, alikuja akatuita uwanjani. Alisema Kaunsili imekubali kuongeza shilingi moja juu ya kodi ya kila mwanamume, na shilingi hiyo haitajenga daraja wala ofisi, itafundisha watu. Vijana wawili watasomea kazi ya dresa miaka mitatu, na wanawake watatu watasomea ukunga mwaka na nusu katika hospitali ya misheni, walishwe na wavishwe na Kaunsili, kisha warudi kufanya kazi katika lokesheni zao. Alisema watu wasidhani dresa huanguka kutoka mbinguni. Ni miaka mitatu kumtengeneza mmoja, na kati ya wanne wanaoanza, wawili huacha.

Wanaume walisumbuka sana na shilingi yao. Mmoja alisimama akasema haelewi kwa nini alipe mke wa mtu mwingine afundishwe kudaka watoto, na hali watoto tangu zamani huanguka wenyewe. Kutoka nyuma, tulipokaa wanawake, mama mmoja akasema ni kweli huanguka wenyewe, na huyo mzee alianguka kwa kichwa, yeye mwenyewe alikuwepo akaona. Uwanja wote ulicheka, hata yule mzee mwenyewe. Baada ya hapo shilingi ikapita.

Kisha likaja swali la nani apelekwe. Mzee Johana alisema Kaunsili imeshaumwa na nyoka huyo. Wasichana wawili walifundishwa zamani, wakaolewa mbali, na elimu ikaenda pamoja nao, mahari wakala baba zao. Safari hii kila lokesheni itatafuta mwanamke aliyekwisha kuolewa na kutulia, ajuaye kusoma, mwenye roho safi na mkono usiotetemeka. Akiwa hayupo, ndiyo waangalie msichana.

Hapo Cherotich akasimama. Unamkumbuka, dada ya mume wangu, yule mrefu. Alisimama mbele ya wanaume wote akasema mwanamke huyo yupo, ni mke wa kaka yake. Alisema mwaka wa hamsini na nne alikuwa akifa, na mimi ndimi niliyemshika siku tatu, nikampa dawa, nikamwosha, nikamrudisha. Akamwinua mwanawe juu watu wamwone, mtoto mnene wa miaka mitano anayeona haya. Mzee Johana akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikasema darasa la nne, na miaka miwili nilikuwa mpangusaji wa dispensari chini ya Dresa Danson. Aliandika jina langu kwanza. La pili akaandika la Bilhah, binti wa mwalimu, ana miaka kumi na saba, kama mimi nitashindwa.

Mwezi wa saba barua ikaja yenye muhuri. Nimechukuliwa. Lori la Kaunsili litatupitia Jumatatu, tarehe 31 mwezi huu.

Nitakwambiaje furaha ile? Mimi nimekuwa mtu wa kuinama tangu utoto, kwenye kuni, kwenye majani, kwenye sakafu. Katika barua walitaja vitu vya kuja navyo: shuka mbili, blanketi, sabuni, viatu vya kufunga kwa kamba. Niliisoma kwa sauti mara nyingi mpaka Priscillah akaijua kwa moyo. Nilikuwa nikikamua ng'ombe najiona nimevaa nguo nyeupe, naingia kwa mwanamke mwenye uchungu, na anaacha kuogopa kwa sababu nimeingia. Sijawahi kutaka kitu maishani namna hiyo. Hata Kipkoech sikumtaka hivyo, naye nimemwambia, akasema anajua.

Mama mkwe mwanzoni alichachamaa. Aliniuliza kama nitakwenda kuwanyonyesha wazungu, maana anaona nina maziwa mengi. Alisema yeye amezaa tisa kwenye ngozi ya ng'ombe bila kuvaa kiatu cha kamba. Lakini jioni moja alimchukua mtoto bila kusema kitu, akaanza kumzoesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, tone kwa tone, akimtukana kwa upole. Nikajua ameniruhusu. Nilianza kumwachisha. Kifua kiliniuma kama jipu, na mtoto alinitafuta kwa mdomo kwenye shingo, kwenye mkono, popote. Nilivumilia kwa sababu nilijua ninakoelekea.

Ndipo wiki ileile Onsongo akateremsha mbao kiwandani, akapita kwetu kuomba maji, akatupa ile hadithi ya viazi.

Mama Waceke, sasa kaa chini. Kama Baba Waceke yuko karibu, mwite asikie, au usome peke yako kwanza halafu uamue. Nimezunguka kurasa nyingi kwa sababu naogopa, lakini sitazunguka tena.

Vile vidonge nilivichukua mimi.

Ilikuwa mwezi wa nne, mvua kubwa. Cherotich alikuwa amekuja kuzaa kwa mama yake. Alizaa vizuri, lakini siku ya nne mwili ukawaka moto, akawa anaongea na watu waliokufa, na harufu ndani ya nyumba haikuwa ya mtu atakayeishi. Nilimwambia mama mkwe acha niseme kwa dresa. Wewe umekaa na sisi, unajua desturi yetu. Nyumba ya mwanamke aliyezaa mwanaume haingii, na mambo yake hayatajwi mbele ya mwanaume, hata mumewe husimama nje na kuuliza kwa mbali. Mama mkwe alisema nikienda kuitaja damu ya binti yake mbele ya mwanaume, tena mwanaume wa kabila lingine, nisirudi kulala katika boma lile. Nami nilikuwa bibi harusi wa miaka miwili tu, sina neno mbele yake. Lakini nisimwekee yeye yote. Hata angeniruhusu, mdomo wangu ungekuwa mzito. Niliona haya. Ningeanzia wapi kumwambia Baba Waceke, mtu ninayemheshimu, kwamba dada ya mume wangu anatoka usaha mahali pale?

Asubuhi ile mumeo aliniuliza mbona macho yangu ni mekundu. Nikasema ni moshi. Alisimama kidogo kama anayengoja, kisha akaendelea na wagonjwa wake. Neno moja tu, Mama Waceke. Angenipa dawa kwa mkono wake, angeiandika katika kitabu chake, na leo mngekuwa mnaishi hapa. Kama kungekuwa na mwanamke pale, hata mmoja, ningemwambia.

Saa nne alipokuja kwako kunywa chai, ufunguo ulikuwa kwenye msumari nyuma ya koti lake jeupe. Nilifungua kabati nikachukua vile vidonge vyeupe vya homa kali, nikavifunga kwenye kitambaa cha kupangusia. Siku tatu nilifanya hivyo. Nilimpa Cherotich vile nilivyomwona Baba Waceke akimpa mgonjwa wa kifua, vinne mara ya kwanza, halafu viwili viwili, na maji mengi. Siku ya tatu homa ilishuka, akaomba uji. Vilikuwa thelathini na mbili kwa jumla.

Mkaguzi alipokuja akakuta kopo limepungua, unajua zilikuwa siku gani. Kila siku tulisikia ati watu wa msituni wanaopigana na serikali wanapelekewa dawa kutoka huku na huku. Kopo limepungua, na mwenye kopo ni Mkikuyu kama wao. Hawakutaka kujua zaidi. Walimuuliza ni nani mwingine anayegusa kabati, akajibu ufunguo ni wake na jukumu ni lake. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye ngazi na ndoo yangu. Walipomtoa alinipita karibu, viatu vyake vikagusa maji yangu, akaniangalia. Mpaka leo sijui kama alijua. Kama alijua, alinyamaza kwa ajili yangu. Kama hakujua, aliteswa bila hata kujua kwa nini. Sijui lipi ni baya zaidi.

Na wewe ulikuja kwangu kesho yake, Waceke ameshika nguo yako. Ulisema Chepngeno, wewe unafagia mle, ulimwona mtu yeyote? Nikasema hapana dada, sikuona mtu. Nikakupa maziwa ya kibuyuni. Ulikunywa, ukanishukuru, ukaniambia mimi ndiye mtu pekee ambaye hajakuangalia vibaya. Siku ya tatu lori likawachukua, wewe na watoto na sufuria zenu. Nilisimama kwenye chai nikatazama mpaka vumbi likalala.

Nilijiambia mengi baadaye. Kwamba Cherotich angekufa. Kwamba hata ningesema wasingenisikia, wangetufunga wote wawili. Huenda ni kweli. Lakini hata mara moja sikujaribu.

Sasa ona jambo lililonishinda. Mzee Johana anahesabu miaka mitatu kumtengeneza dresa mmoja, maskini wanatoa shilingi zao, na dresa aliyekwisha kutengenezwa yuko Kedowa anapalilia viazi kwa sababu ya mdomo wangu. Na kitu kilichomfungia mumeo kambini miaka mitatu, kama alivyomwambia Onsongo, ndicho kilichonipatia mimi nafasi, maana Cherotich alisimama akanisifu kwa vidonge vilevile. Ningevaa nguo nyeupe ile namna gani?

Nilimwambia Kipkoech. Aliweka chini bakuli la uji. Kisha akasema nisiseme sasa. Nenda ukasome kwanza, alisema, urudi, uzalishe watu mia, halafu utubu. Mwanamke mwenye uchungu hatafuti mtu aliyetubu, anatafuta mtu aliyefundishwa. Si maneno ya mpumbavu hayo, Mama Waceke. Niliyabeba siku mbili, nikiyageuza. Nilimfikiria mke wa jirani pale chini kwenye mistari ya chai. Nani atajibu kwa ajili ya mwingine kama yeye siku zijazo, kwa sababu mimi nilitaka kulala vizuri? Lakini kila nilipogeuza nilifika mahali pamoja. Ufunguo wa ule mlango wenye kutu ninao mimi mdomoni. Nikiufumba mdomo, Boito itapata mkunga mmoja baada ya mwaka na nusu. Nikiufumbua, huenda ikapata dresa mwezi ujao, na mkunga baadaye vilevile, maana Bilhah yupo. Nilimwambia Kipkoech hivyo. Akasema basi atanisindikiza, lakini nisimwombe afurahi.

Ijumaa ya wiki iliyopita tulikwenda kwa Mzee Johana. Nilimwambia yote kama nilivyokuandikia wewe. Aliuliza kama natambua kwamba wizi wa dawa ya serikali ni kesi, na kwamba hakuna hospitali itakayomchukua mtu aliyeiba kabatini. Nikasema natambua. Akauliza kwa nini sikusema wakati ule. Kabla sijajibu, mlango ulifunguliwa. Ni mama mkwe. Alikuwa ametufuata kwa fimbo yake, na hakuna aliyemwambia, nadhani alitusikia mimi na Kipkoech tukizungumza. Alisimama katikati ya nyumba ya mwanaume asiye wa ukoo wake, akasema binti yangu alizaa, akaoza baada ya kuzaa, na mimi ndimi niliyemkataza huyu kusema. Alitaja kila kitu kwa jina lake. Mwanamke ambaye katika maisha yake yote hakutamka jambo la uzazi mbele ya mwanaume. Mzee Johana alitazama sakafu. Mama mkwe alipomaliza alisema aibu aliyoiona siku hiyo inamtosha maisha yote, akatoka nje akakaa kwenye nyasi.

Ndipo Mzee Johana akasema na yeye ana lake. Alisema siku zile wengi wao walijua Danson si mtu wa kutuma dawa msituni, na walinyamaza, kwa sababu kunyamaza kulikuwa rahisi. Alichukua karatasi akaandika maelezo yangu, nikatia sahihi, mama mkwe akatia kidole gumba. Aliandika mara mbili. Moja imekwenda ofisini kwa Bwana Disii, mkuu wa wilaya. Ya pili iko ndani ya bahasha hii.

Kamati ilikaa Jumatano. Jina langu limefutwa. Bilhah ndiye atakayepanda lori. Kuhusu kesi bado sijaitwa, wala sijui nitaitwa lini. Mzee Johana anasema huenda watanitoza faini, huenda watanifunga, huenda watasema ni mambo ya kale. Nimemwambia Kipkoech mtoto sitamrudisha kwenye titi, asije akaachishwa mara ya pili ghafla. Yeye sasa analia kidogo tu. Mimi ndimi ambaye maziwa bado yananitoka nikimsikia.

Kuhusu Baba Waceke, Mzee Johana hakuahidi kitu, na mimi sitakuahidi asichoahidi yeye. Alisema tu kwamba nafasi ya dresa wa Boito haijajazwa, kwamba pesa ya mshahara wake imo katika mpango wa Kaunsili, na kwamba mtu mwenye cheti, ambaye jina lake limesafishwa kwa karatasi, atakuwa na haki ya kuomba kama mwingine yeyote. Aende mwenyewe Kericho kwenye ofisi ya Kaunsili na cheti chake na karatasi hii. Vibali vya Wakikuyu kusafiri siku hizi vinapatikana kuliko zamani. Kama hataki, kama hawezi hata kuitazama tena ngazi ile, hiyo ni haki yake, na hakuna mtu wa Boito mwenye kinywa cha kumlaumu.

Sikuombi unisamehe. Siyo kwamba sitaki, nataka sana. Lakini naona nikikuomba leo nitakuwa nimekupa kazi nyingine juu ya zile nilizokupa. Mkija, na mkiona ni afadhali nisionekane, nitapita njia ya juu, na watoto wangu wakiugua wataletwa dispensari na mama mkwe. Mkija na mkataka kuniuliza jambo uso kwa uso, nitakuja hata kama mnaniita mbele ya watu.

Jana Bilhah alikuja kuniuliza nimfundishe kidogo kabla hajaenda, asichekwe na wenzake. Alikuwa na penseli na daftari jipya. Nilitaka kumchukia, nikashindwa, mikono yake bado ni ya mtoto. Alidhani nitamwambia habari ya maji ya moto na wembe. Nikamwambia hayo atafundishwa huko. Mimi nikamfundisha jinsi ya kusimama mlangoni mama mkwe wa mtu akiwa amekuzibia njia, na kuuliza kwa sauti ya kawaida, bila kuinamisha macho: anatoka damu kiasi gani, inanuka, amekojoa lini. Nikawa mama mkwe, nikamfokea. Mara ya kwanza akanyamaza. Mara ya pili akacheka. Mara ya nne akauliza yote matatu mpaka mwisho huku ananitazama machoni, nami nikampisha aingie.

Karatasi inaisha na mtoto anaamka. Mpe Waceke salamu zangu, najua sasa ni msichana mkubwa, na wadogo zake, hata wale ambao sijawaona. Mwambie Baba Waceke kwamba Cherotich anamsalimu, na mwanawe pia. Onsongo atapita huko Alhamisi, ataikabidhi barua hii mkononi mwako na si kwa mtu mwingine, na hatangoja jibu, nimemkataza. Mungu awalinde katika baridi hiyo.

Ukikasirika, na una haki, barua hii ichome. Lakini hiyo karatasi yenye sahihi na kidole gumba usiichome. Hiyo si yangu wala si yako. Ni ya Danson.

Ni mimi,
Tecla Chepngeno,
Mama Kiptanui